UZI: Allison Baden-Clay, mke aliyepotea usiku Brisbane, na mume aliyekutwa na makwaruzo shavuni

#1 Mtoa mada

Wakuu, salaam.

Kesi hii ni ya Australia, jiji la Brisbane, jimbo la Queensland, mwaka 2012. Kila inapozuka habari ya mke kupotea na mume kushukiwa, nasoma maoni yale yale: hakuna aliyeona, silaha haipo, daktari hajui kilichomuua, huyo atatoka tu. Hapa vyote vitatu vilikosekana na mume hakutoka. Nikipima ushahidi wote, naona kilichomfunga zaidi ni maneno yake mwenyewe aliyoyatoa kizimbani akiwa amekula kiapo. Nitafika huko. Ni uzi mrefu, tafuta pa kukaa.

Nianze na marehemu, maana katika kesi hizi mume ndiye anayekuwa maarufu na mke anabaki picha tu gazetini. Allison alizaliwa mwaka 1968. Alikuwa mchezaji wa baleti tangu utotoni, mwaka 1994 akatwaa taji la Miss Brisbane, na alizungumza lugha kadhaa. Alifanya kazi kampuni ya usafiri ya Flight Centre, upande wa rasilimali watu, na hapo ndipo alipokutana na Gerard Clay. Wakaoana mwaka 1997, wakapata mabinti watatu. Kuanzia kipindi cha uzazi alisumbuliwa na sonona, akapewa dawa na akaendelea kuzitumia. Shikeni hilo la dawa, litarudi mahakamani.

Gerard alikuwa dalali wa nyumba na mashamba, ana ofisi yake chini ya jina la Century 21, na ni kiongozi katika chama cha wafanyabiashara wa eneo lao. Suti safi, anasalimiana na kila mtu. Ukoo wake wenyewe ulikuwa na jina. Yeye ni kitukuu wa Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti duniani, na familia iliacha kujiita Clay tu ikawa Baden-Clay ili uhusiano huo uonekane.

Nyuma ya hiyo suti biashara ilikuwa inazama. Marafiki watatu walikuwa wamemkopesha jumla ya dola 270,000 za Australia, na bado alikuwa anatafuta mkopo mwingine. Tangu mwaka 2008 alikuwa na mchepuko, mwanamke aliyekuwa akifanya kazi ofisini kwake. Allison aligundua mwaka 2011. Mume akaapa ameacha, na miezi michache baadaye akarudi kule kule. Tarehe 3 Aprili 2012 alimwandikia huyo mwanamke barua pepe akimhakikishia kwamba ifikapo tarehe 1 Julai atakuwa ameachana na mkewe. Tarehe 1 Julai ndiyo siku ya kuzaliwa ya Allison.

#2 Kijana wa Nyeri

Mkuu, hapo kwa Baden-Powell umenigusa. Kaburi lake liko kwetu Nyeri, Kenya, kwenye makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro. Alifariki tarehe 8 Januari 1941 akiishi kwenye nyumba yake ndogo katika uwanja wa hoteli ya Outspan. Skauti wanatoka nchi nyingi kuja kulizuru. Sikujua kwamba kuna kitukuu wake aliyefungwa kwa kumuua mkewe. Endelea.

#3 Mtoa mada

Asante sana, kijana wa Nyeri. Niendelee na ile wiki yenyewe.

Jumatatu tarehe 16 Aprili mume alionana na mshauri wa ndoa. Wakafika kwenye mpango kwamba kila baada ya siku moja watatenga dakika 15, Allison aseme yote aliyonayo moyoni kuhusu ule mchepuko, na mume asikilize bila kujitetea. Allison akaandika maswali yake kwenye daftari. Polisi walilikuta baadaye. Ni maswali ya mwanamke aliyeumizwa na anayetaka kujua kila kitu: mlikuwa mnakutana wapi, lini, nani analipa. Nikiyafikiria maswali yale namwona mtu ambaye bado anaipigania nyumba yake.

Alhamisi tarehe 19 Aprili. Kesho yake, Ijumaa, palikuwa na mkutano wa madalali wa nyumba. Allison alikuwa aende, na yule mwanamke mwingine naye alikuwa aende. Siku hiyo mume alizungumza na mchepuko kwa simu akamwambia mkewe atakuwepo. Mwanamke akaja juu. Yaani ndani ya saa chache wake wawili wa maisha mawili wangekaa ukumbi mmoja, na mwenye kutenganisha maisha hayo hakuwa tena na pa kujificha.

Jioni Allison alikwenda saluni, akatia nywele rangi kwa ajili ya mkutano. Akarudi nyumbani, Brookfield, kitongoji cha magharibi mwa jiji chenye miti mingi na nyumba zilizoachana. Watoto wakalala. Kwa maelezo ya mume, yeye aliingia kulala kama saa nne usiku na kumwacha mkewe sebuleni anaangalia televisheni. Hakumwona tena.

Asubuhi ya tarehe 20 akatuma ujumbe, akapiga simu ya mkewe, akawapigia wazazi wake, na saa moja na robo akapiga 000, namba ya dharura ya kule. Akasema huenda mkewe alitoka kutembea kwa mazoezi na hajarudi.

Polisi walipofika, kitu cha kwanza kuona kilikuwa shavu lake la kulia. Lilikuwa na makwaruzo mekundu, mabichi. Akasema amejikata na wembe, alikuwa na haraka na wembe wenyewe mkuukuu.

#4 Binti Kilosa

Wembe unakwaruza ubavu ubavu kama kucha? Jamani.

#5 Mkulima wa Njombe

Tusimhukumu mtu kwa alama ya usoni. Na mimi nimeona watu wanajikata vibaya. Kwanza, yeye ndiye aliyepiga simu polisi mapema kabisa. Mwuaji angesubiri.

#6 Mtoa mada

Mkuu wa Njombe, hoja ya kupiga simu mapema ilisemwa hata wakati ule. Ila angalia upande wa pili. Angechelewa siku saba, makwaruzo yangekuwa yamepona na hakuna ambaye angeyaona. Kwa sababu simu ilipigwa ndani ya saa chache, yalipigwa picha siku hiyo hiyo, yakaonekana na madaktari, na baadaye wataalamu kadhaa wa uchunguzi wa kijinai wakatoa ushahidi kwamba yanafanana na makwaruzo ya kucha za binadamu. Yapo yaliyofanana na mkato wa wembe, lakini yale makubwa ya shavuni hayakuwa hayo.

Hayakuwa usoni tu. Alikuwa na alama shingoni na kifuani pia. Ya shingoni alieleza kwamba kiwavi alimtambaa alipokuwa kwenye mbio za shule za watoto, akajikuna.

Msako ukaanza. Polisi, waokoaji wa kujitolea, majirani, watu wanapita vichakani mchana kutwa. Siku ya kumi, tarehe 30 Aprili, mtu aliyekuwa anapiga kasia kwenye mtumbwi mdogo aliuona mwili kwenye kingo za matope za kijito cha Kholo, chini ya daraja, eneo la Anstead. Kutoka nyumbani kwao ni kama kilomita 13. Alikuwa amevaa nguo za mazoezi.

Siku kumi kwenye joto na unyevu zilikuwa zimeharibu mwili kiasi kwamba daktari wa patholojia hakuweza kutaja sababu ya kifo. Hapakuwa na mfupa uliovunjika ambao ungesema kitu. Hakuna risasi, hakuna jeraha la kisu. Cheti kikabaki na neno moja: haijulikani.

#7 Kaka wa Tabata

Hapa ndipo kwetu faili lingefungwa. Nakumbuka ile ya mwaka 2019, mama wa Kigamboni aliyepotea Mei, mume anasema mke kasafiri zake nje. Ndugu ndio waliokomaa kusukuma mpaka Julai mume akakamatwa, akadaiwa kumuua na kuuchoma mwili kwa magunia ya mkaa. Ndugu wangenyamaza ingekuwa imeisha.

#8 Mtoa mada

Kaka, hilo la ndugu kukomaa nakubaliana nalo asilimia mia. Na hata Brisbane familia ya Allison ilisimama imara tangu siku ya kwanza.

Sasa tuingie kwenye ushahidi wenyewe. Watu wa sheria wanauita ushahidi wa mazingira: hakuna aliyeona tendo, kinachobaki ni mambo yanayolizunguka.

Nianze na majani, maana hii sehemu mimi naiona ndiyo kazi bora kabisa ya uchunguzi katika kesi nzima. Kwenye nywele za Allison, zile zilizotiwa rangi jioni ile, pamoja na nguo zake, wachunguzi walikuta vipande vya majani. Wangeweza kusema ni uchafu wa kijitoni, mwili umekaa nje siku kumi, lazima utakuwa na majani. Hawakusema hivyo. Walivikusanya kipande kwa kipande vikapelekwa kwa mtaalamu wa mimea wa hifadhi ya mimea ya serikali ya Queensland. Akatambua aina sita. Kisha akaenda kijitoni kuangalia mimea iliyopo pale, akaenda pia nyumbani kwa wanandoa. Pale ulipokutwa mwili zilipatikana aina mbili tu kati ya hizo sita. Nyumbani, karibu na baraza ya nyuma na banda la gari, zote sita zilikuwepo.

Fikiria maana yake. Mtu aliyetoka kwa miguu yake getini na kutembea barabarani hawezi kujaa nywele nzima majani ya uani kwake. Yale majani yanakueleza kwamba kichwa chake kiligusa ardhi ya nyumbani kabla hajaondoka pale. Yanaeleza pia kwamba hakuondoka mwenyewe.

Kuna damu. Gari la familia, Holden Captiva, lilikuwa limenunuliwa kama miezi miwili tu kabla. Sehemu ya nyuma, ubavuni, kulikutwa michirizi ya damu, na vinasaba vikaonyesha ni ya Allison. Gari bado ni geni nyumbani, mwenye damu hajawahi kusemwa aliumia ndani yake.

Kuna simu. Mume alisema alilala tangu saa nne mpaka asubuhi. Kumbukumbu za simu yake zikaonyesha iliunganishwa na chaja saa 7:48 usiku. Mtu aliyelala fofofo hachaji simu.

Na kuna zile sababu ambazo nimeshazitaja: madeni, ahadi ya tarehe 1 Julai, mkutano wa kesho yake, dakika 15 za maswali. Hizo peke yake hazimfungi mtu. Waume wengi wana madeni na michepuko na wala hawajaua. Ila zinaeleza kwa nini usiku ule na si mwingine.

Tarehe 13 Juni 2012 akakamatwa, akashtakiwa kwa mauaji na kwa kuuvuruga mwili wa marehemu. Dhamana akanyimwa.

#9 Mama Wawili

Hao watoto watatu walikuwa ndani ya nyumba usiku ule?

#10 Mtoa mada

Ndiyo mama, walikuwa wamelala. Hawakusikia kitu. Mambo yao mengine sitayaandika hapa, walikuwa wadogo na hawakuchagua kuwa habari.

Kesi ilianza Juni 2014 Mahakama Kuu ya Queensland, mbele ya Jaji John Byrne. Kule uamuzi wa hatia hautolewi na jaji kama kwetu. Unatolewa na jopo la raia 12 wa kawaida, na jaji kazi yake ni kuwaelekeza sheria na kupanga adhabu.

Utetezi ulijengwa juu ya zile dawa za sonona. Wakasema mwanamke huyu alikuwa mgonjwa, huenda alitoka usiku akiwa amechanganyikiwa, akafika mtoni, akaanguka au akazama au akajiua. Upande wa mashtaka ukaleta watu waliomwona siku za mwisho, msusi wake na marafiki, wakamweleza kama mama mwenye mipango ya kesho. Na kilomita 13 usiku kwa miguu, nani aliyemwona? Hakuna.

Halafu mume akachagua kupanda kizimbani. Hakulazimika. Angeweza kukaa kimya na sheria ingemlinda. Alisimama siku kadhaa akihojiwa, na msimamo wake ulikuwa mmoja mwanzo mpaka mwisho: sikumuua mke wangu, sikugombana naye usiku ule, sikuhusika kwa namna yoyote na kifo chake, nililala. Lishike hilo kwa nguvu.

Tarehe 15 Julai 2014 jopo likarudi: ana hatia ya kuua kwa kukusudia. Kifungo cha maisha, na hana ruhusa ya kuomba parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, kabla ya miaka 15.

#11 Mkulima wa Njombe

Sawa, majani yamenishinda, nakiri. Ila bado nauliza. Kukusudia mmejuaje? Labda waligombana, akamsukuma, akaanguka vibaya, jamaa akachanganyikiwa akaenda kumtupa. Hilo ni kosa, lakini si sawa na kupanga kuua.

#12 Mtoa mada

Mkulima, umeuliza swali lile lile lililoitikisa Australia nzima.

Mawakili wake walikata rufaa kwa hoja hiyo hiyo. Na tarehe 8 Desemba 2015 Mahakama ya Rufani ya Queensland, majaji watatu wote kwa pamoja, wakakubaliana nao. Walisema tunakubali kwamba yeye ndiye aliyesababisha kifo na yeye ndiye aliyeutupa mwili. Lakini uongo wa wembe na kuuficha mwili vinaweza kufanywa na mtu aliyeua kwa makusudi, na vinaweza vile vile kufanywa na mtu aliyempiga mkewe bila nia ya kumuua akaogopa. Sababu ya kifo haijulikani. Basi jopo halikuwa na msingi wa kuondoa uwezekano wa pili. Wakalifuta kosa la mauaji, wakaweka kuua bila kukusudia.

Sitaki kuwadharau majaji wale. Nia iko moyoni, na sheria inadai ithibitishwe kama kitu kingine chochote. Hata kwetu Tanzania, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatenganisha: kifungu cha 195 ni kuua bila kukusudia, cha 196 ni mauaji ya kukusudia, na tofauti ya adhabu ni kubwa mno kwa sababu cha 197 kinabeba kunyongwa. Hapo lazima mtu awe makini.

Lakini mtaani palichafuka. Siku kumi baadaye maelfu ya watu walijaa uwanja wa King George katikati ya Brisbane, wengi wakiwa na rangi ya njano ambayo ilikuwa imeshakuwa alama ya Allison, kuitaka serikali isiuache uamuzi ule ukapita. Upande wa mashtaka ukapeleka rufaa mahakama ya juu kabisa ya nchi.

#13 Mzee wa Busara

Mahakama haiendeshwi na maandamano.

#14 Mtoa mada

Kweli kabisa mzee wangu, shikamoo. Na majaji watano wa Mahakama Kuu ya Australia, ambayo kule ndiyo ya mwisho kabisa, hawakuandika habari za maandamano. Waliandika sheria. Uamuzi ni wa tarehe 31 Agosti 2016 na ulikuwa wa sauti moja.

Kwa maneno yangu mwenyewe, walisema hivi. Ni kweli kwamba katika ushahidi wa mazingira, hatia isimame pale tu ambapo hakuna maelezo mengine ya busara yanayolingana na kutokuwa na hatia. Lakini maelezo hayo mengine lazima yatoke kwenye ushahidi uliopo mbele ya mahakama. Hadithi ya kugombana, kumsukuma, kuanguka kwa bahati mbaya, imetoka wapi? Katika kesi ya awali hakuna aliyeileta. Mtu pekee duniani aliyeweza kusema "tuligombana, nilimsukuma, sikutaka afe" alipanda kizimbani, akala kiapo, akasema hapakuwa na ugomvi na yeye alikuwa amelala. Alilifungia jopo mlango wa bahati mbaya kwa mkono wake. Baada ya hapo mawakili hawawezi kwenda ngazi ya rufaa na kuwataka majaji waufungue mlango huo kwa kubuni tukio ambalo mteja wao amelikana kwa kiapo.

Wakaongeza kwamba jopo lina haki ya kuutazama mwenendo wote kwa pamoja. Makwaruzo yale yanaonyesha mwanamke aliyekuwa uso kwa uso na mtu, anapigania pumzi yake. Kisha kuna kuubeba mwili usiku watoto wakiwa ndani, kuendesha kilomita 13, kuutupa chini ya daraja, kurudi, na kuanza kutuma ujumbe kwa simu ya mtu unayejua amekufa. Raia 12 wakiyaona hayo yote na kusema "huyu alikusudia", hawajakosea sheria. Kosa la mauaji likarudishwa.

Mkulima, naamini hili ndilo jibu la swali lako. Angesema ukweli mapema, pengine mahakama ingekuwa na la kupima. Alichagua kukana kila kitu. Mtu akikana kila kitu, hawezi kubaki na nusu ya kitu.

#15 Wakili wa Kijiweni

Niongeze kidogo kwa faida ya wasomaji wetu, maana kanuni hiyo si ngeni Afrika Mashariki. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliishaiweka tangu 1949 katika kesi ya Kipkering arap Koske, Kenya, na ikarudiwa katika Simon Musoke ya Uganda, 1958. Msingi ni huo huo: mazingira yasiwe na maelezo mengine ya busara isipokuwa hatia ya mshtakiwa. Kesi hizo mbili zinanukuliwa mpaka leo Nairobi, Kampala na Dar es Salaam.

Pia tuna kanuni ya mtu wa mwisho kuonekana na marehemu. Ukiwa wa mwisho kuwa naye akiwa hai, unatarajiwa kutoa maelezo yanayoingia akilini. Ila tahadhari, peke yake haitoshi. Mahakama zetu zimewaachia watu wengi ambao ushahidi dhidi yao ulikuwa huo tu. Lazima kuwe na vitu vya kushikana nayo, kama hayo majani na hiyo damu.

#16 Binti Kilosa

Kwa hiyo tatizo letu si sheria. Sheria tunayo. Tatizo ni nani atakayeokota majani.

Umoja wa Mataifa ulitoa hesabu kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 duniani waliuawa na wenza wao au watu wa familia, na Afrika ndiyo iliyoongoza. Wakenya waliingia barabarani Januari 2024 kwa maelfu kwa sababu ya mauaji haya. Mimi dada wa mtu nikisoma hivi sioni Australia, naona mtaa wetu. Mwanamke akipotea jibu la kwanza ni "kaenda kwa bwana mwingine", na wiki inapita.

#17 Mtoa mada

Dada, umesema jambo ambalo nilitaka lisemwe. Ukiisoma kesi hii kwa makini unaona imeamuliwa na mambo ya saa 48 za kwanza. Shavu kupigwa picha likiwa bichi. Gari kuzuiwa kabla halijaoshwa. Simu kuchukuliwa. Miezi miwili baadaye vyote hivyo vingekuwa vimeyeyuka na ile hadithi ya sonona ingebaki peke yake ukumbini.

Kwa hiyo kwa mwenye ndugu aliyepotea sasa hivi anayesoma hapa: nenda kituoni leo leo, usikubali kuambiwa usubiri, dai namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, na uandike siku ile ile nani alimwona mara ya mwisho, amevaa nini, na mwenzi wake alisema nini neno kwa neno. Maelezo ya kwanza yaandike hata kama unamwamini anayeyatoa. Kama ni mkweli hayatamdhuru. Mume asiye na hatia naye analindwa na uchunguzi wa haraka, maana ndio unaomwondoa kwenye orodha.

#18 Mama Wawili

Na jamaa yuko wapi sasa? Watoto je?

#19 Mtoa mada

Yuko gerezani Queensland. Miaka 15 ikihesabiwa tangu alipokamatwa, anaweza kuanza kuomba parole mwaka 2027. Kuomba si kupewa, bodi ndiyo inayoamua. Hajawahi kukiri.

Watoto walilelewa na babu na bibi wa upande wa mama. Familia ilianzisha taasisi yenye jina la Allison inayofundisha jamii kutambua dalili za unyanyasaji ndani ya nyumba, hasa ule usioacha alama ya kipigo: kudhibiti fedha, kumtenga mke na marafiki zake, kumfanya ajione yeye ndiye mgonjwa. Kila mwaka wana siku yao ya kuhimiza wema, na watu huvaa njano.

Mwenye maswali kuhusu uamuzi wa 2016 aulize, nitajibu usiku huu. Wakili wa Kijiweni, ukipata nafasi tufafanulie kile kifungu cha nia ovu kwenye Kanuni ya Adhabu, cha 200, kuna watu wamenifuata pembeni wanataka kukielewa.